Tuzo ya kumbukumbu ya mzee wetu wa modeli za ndege: nikikata Comet nitakuwa nimevunja sheria?

Gundi Mkononi

Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mwenye haraka ashuke moja kwa moja hadi kwenye swali.

Niko Uingereza, huku Midlands, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yangu ni ghalani, zamu ya usiku. Mchana nikishaamka naunga ndege. Nazungumzia zile modeli za plastiki zinazokuja kwenye boksi vipande vipande: unakata, unapiga msasa, unagundisha, unapaka rangi, unabandika stika za maji. Haziruki popote, zinakaa kabatini zinakula vumbi, na mke wangu ameshasema yote aliyotaka kusema kuhusu hilo kabati.

Tuna chama kidogo cha mtaani, tunakutana Jumanne jioni. Alikuwepo mzee mmoja, jina lake nalihifadhi, alikuwa fundi wa ndege RAF, jeshi la anga la Uingereza. Siku ya kwanza nilipomwambia natoka Tanzania hakuniuliza habari za simba wala Kilimanjaro. Aliniuliza, "5H-MMT unaijua?"

Nikabaki namtolea macho. Kumbe 5H-MMT ilikuwa Super VC10, ndege kubwa ya abiria ya East African Airways. 5H ni usajili wa Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda. Shirika lilikuwa na Super VC10 tano. Lilipovunjika 1977, nne zilizokuwa zimebaki zikaishia Uingereza, RAF ikazinunua na kuzigeuza kuwa ndege za kujaza ndege nyingine mafuta angani. Yetu ikabatizwa ZA147. Tarehe 25 Septemba 2013 ikatua uwanja wa Bruntingthorpe, huku Uingereza, na tangu siku hiyo hakuna VC10 nyingine iliyoruka tena. Yule mzee alikuwa amezishika kwa mikono yake, akawa ananisimulia ndege ya kwetu kama mtu anayekusimulia habari za shangazi yako ambaye wewe mwenyewe hukuwahi kumwona.

Amefariki miaka mitatu iliyopita. Darini kwake aliacha maboksi zaidi ya mia mbili ambayo hayajaungwa, ya makampuni ya modeli kama Airfix, Frog, Matchbox, Revell na Monogram, mengi ya kabla ya 1980. Mjane wake akatuita, akasema chukueni yote, ila yasiuzwe. Yaungwe.

Hapo ndipo ilipozaliwa tuzo. Kila Januari tunapiga kura, unachota karatasi kwenye kofia yake, boksi lililokuangukia ndilo lako, hakuna kubadilishana. Mwisho wa Oktoba tunazipanga mezani, watu watatu wanahukumu. Kikombe hakuna. Mshindi anapewa ubao wake wa kukatia, kipande cha mbao kama cha kukatia vitunguu, kimejaa alama za kisu na madoa ya rangi za miaka arobaini. Unakaa nao mwaka mzima, unaandika jina lako nyuma, unaurudisha.

Sheria ni moja, mjane aliiandika kwa mkono wake, naitafsiri: kilichomo ndani ya boksi kitumike, kisichokuwemo kisiingie, isipokuwa gundi, rangi na stika.

Sasa swali. Mwaka huu nimeangukiwa na Airfix ya Comet 4B, ndege ya abiria ya zamani, kipimo cha 1/144 (yaani ndege halisi imepunguzwa mara 144), boksi la miaka ya 60. Stika za ndani ni za BEA, shirika la Waingereza. Mimi nataka niifanye ya East African Airways, maana nao walikuwa na Comet, walizipata kuanzia 1960. Lakini zao zilikuwa Comet 4 tupu, hazikuwa 4B. 4B ni ndefu zaidi kwa futi 6 na nusu, na mabawa yake ni mafupi. Kwenye modeli maana yake nikate kiwiliwili kama milimita 14, nirefushe kila bawa kama milimita 7 na nusu, na niyatengeneze yale matangi ya mafuta yanayochomoza mbele ya bawa, ambayo 4B haina.

Mhukumu mmoja ameshanitonya kwamba hiyo ni nje ya sheria. Kamati inakaa Jumamosi. Nyie mnaonaje?

---

Napita Tu

Mtu mzima na midoli. Haya bana. Bei gani hiyo kitu?

---

Binti Kurasini

Napita Tu si upite basi.

Mleta uzi, pole kwa msiba. Mimi swali langu ni jingine: maboksi ya zamani hayajafunguliwa, si ni mali hayo? Mama wa watu angeyauza mtandaoni akajenga hata uzio.

---

Gundi Mkononi

Napita Tu, ndogo mpya unaipata kwa bei ya chakula cha mchana huku. Zamani ndiyo ilikuwa bure kabisa. Airfix walipoanza kuuza kifaa chao cha kwanza cha namna hii Woolworths mwaka 1952, meli ya Golden Hind, ilikuwa shilingi 2 za wakati ule, kwenye mfuko wa plastiki na kikaratasi juu, kama karanga. Ndege ya kwanza, Spitfire, ikafuata 1953. Na ilikuwa mbovu! Umbo halikukaa sawa, waliiga ya kampuni ya Kimarekani wakaipunguza tu. Watoto hawakujali.

Binti Kurasini, watu wengi wanadhani hivyo. Ukweli ni kwamba kalibu za modeli hizi zinaishi muda mrefu sana. Chuma kile kile kilichofyatua boksi la 1965 kinaweza kufyatua la 1995, wamebadilisha mchoro wa juu na stika tu. Kwa hiyo boksi la zamani mara nyingi thamani yake ni ule mchoro, na machache ndiyo adimu kweli. Mjane analijua hilo, alikaa na mumewe miaka hamsini. Alituambia mzee alikuwa akichukia kuona boksi limevikwa nailoni kama sofa la wageni.

---

Mtoto wa Embakasi

Hamjambo wandugu. Huu uzi umenigusa kwa sababu marehemu baba yangu alifanya kazi East African Airways pale Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, upande wa mizigo. VC10 aliipenda kuliko gari lake.

Niongeze kitu. Hiyo ndege ilitengenezwa hasa kwa viwanja kama vyetu. Embakasi iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, jua la mchana, na ndege nyingi za wakati huo zilikuwa zinasota kuondoka pale zikiwa zimejaa. Ndiyo maana VC10 ina injini nne zote kule mkiani: mabawa yakabaki safi, yakabeba vizuri zaidi. Na za East African zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo ubavuni mbele, za abiria za BOAC, shirika jingine la Waingereza, hazikuwa nao. Baba alikuwa anasema huo mlango ndio uliomsomesha.

Kuhusu swali: kata. Sheria imeandikwa na Mwingereza kwa maboksi ya Waingereza. Kama ni vya boksini tu, kila mwaka kwenye hiyo meza kutakuwa na BOAC, BEA na RAF, sisi tutakuwa wapi?

---

Gundi Mkononi

Mtoto wa Embakasi umenigusa penyewe. Mwaka jana niliangukiwa na VC10 ya Airfix, ukisema bahati nitakubali. Nikaifanya 5H-MMT. Ule mlango wa mizigo niliuchora kwa ncha ya sindano nikifuata ukingo wa tepu, maana kwenye kifaa haumo. Ndege nzima sentimita 36, mlango wenyewe kama ukucha wa kidole gumba. Stika za usajili nilichapa mwenyewe.

Ila nikafanya ujinga. VC10 ina injini nne nyuma, kwa hiyo modeli yake lazima uiwekee uzito puani kabla hujafunga nusu mbili za kiwiliwili, la sivyo inakaa kitako. Mimi katika kuchezea mlango nikasahau. Nimeshafunga, nimeshapiga rangi, vanishi imekauka, naiweka mezani kwa madaha, pua ikainuka taratibu ikatazama dari. Mkia chini. Mke wangu alicheka mpaka akakaa.

Nilichofanya: nikatoboa tundu kwenye kishimo cha gurudumu la mbele, nikanunua chubwi ndogo kabisa za wavuvi, nikawa nazisukuma ndani moja moja kwa kijiti cha meno, kila moja na tone la gundi, huku nimeisimamisha ndege kwa pua ndani ya kikombe. Chubwi ya kumi na saba ndiyo ilimaliza kazi. Ukiitikisa leo inalia kama kayamba, moja ilibanduka.

Na hizo chubwi hazikutoka ndani ya boksi! Hakuna aliyelalamika. Ndiyo maana nashangaa mwaka huu.

---

Baharia wa Matrah

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati, asili Unguja. VC10 mnaisifu peke yenu, na Gulf Air nao walikuwa nazo, na zenyewe zikaishia huko huko RAF. Ndege za Waarabu na za Waswahili zikakutana uzeeni zikivaa nguo za jeshi la Mwingereza, ajabu ya Mungu.

Sheikh, mimi sifahamu kitu modeli, lakini chubwi ni uzito, haionekani. Bawa linaonekana. Huyo mhukumu hoja yake si ya kutupwa. Akikuruhusu wewe kurefusha bawa, kesho mwingine ataleta nusu ya ndege kutoka dukani.

---

Napita Tu

Nimepita nimerudi. Kwani sheria inasema usikate?

---

Gundi Mkononi

Haisemi usikate. Inasema kisichokuwemo kisiingie. Kupunguza urefu hakuna tabu, natoa tu. Tatizo ni mabawa na yale matangi, hapo nahitaji plastiki ya ziada, na dukani wanauza mabapa ya plastiki mahsusi. Baharia ana hoja, na ndicho kinachoninyima usingizi. Huku kuna biashara nzima ya viungo vya nyongeza: viti vya rubani vya rezini, magurudumu, midomo ya bunduki ya shaba, mikanda ya kiti iliyokatwa kwa asidi. Mtu ananunua kifaa cha elfu kumi anakivisha nyongeza za elfu sitini. Mzee alikuwa anaziita meno ya bandia. Tuzo iliwekwa makusudi kuzikataa, na mimi nakubaliana nayo mia kwa mia. Sitaki niwe mtu wa kwanza kupasua hilo tundu.

---

Mpiga Puti

Wakuu, mimi ni fundi rangi wa magari, Gerezani. Modeli sijawahi kushika, lakini nimesoma uzi wote kwa sababu kazi ni ile ile, ya kwenu ndogo tu.

Mleta uzi nikuulize. Hivyo vipande vinakujaje ndani ya boksi? Vimelegea au vimeshikana?

---

Gundi Mkononi

Vimeshikana kwenye fremu, mkuu. Kama vijiti vya plastiki vya mviringo, unene wa njiti ya kiberiti au zaidi, vipande vinaning'inia kama embe kwenye tawi. Unakata kipande, fremu unatupa.

---

Mpiga Puti

Unatupa kwa nini?

Sisi gari likija na bati limeliwa, kama mteja hana hela, tunakata bati la mahali pasipoonekana kwenye gari hilo hilo, tunaziba panapoonekana. Fremu yako imo ndani ya boksi au haimo?

---

Binti Kurasini

😂😂😂 Mpiga Puti mwanasheria.

---

Gundi Mkononi

Mpiga Puti. Nimesimama katikati ya ghala nasoma hii, msimamizi ananitazama.

Inawezekana kabisa. Tena plastiki ni ile ile, polistirini, gundi yetu haibandiki kama ya karatasi, inayeyusha pande mbili zikaungana kuwa kitu kimoja. Nikipanga vijiti vya fremu vitatu bega kwa bega, nikavigundisha, vikakauka siku mbili, nikavipiga msasa mpaka viwe bapa, ninapata kipande cha milimita saba na nusu cha ncha ya bawa. Matangi nayo: kijiti kinene, nakizungusha kwenye msasa kama mtu anayechonga penseli. Na mabaki nikiyakatakata nikayaloweka kwenye kichupa cha gundi usiku kucha, yanakuwa uji mzito. Hiyo ni puti, na imetoka boksini.

Nakwenda nayo Jumamosi.

---

Mpiga Puti

Huo uji wako usiupige mnene kwa mara moja. Puti nene inasinyaa ikikauka, utaona mfereji baada ya rangi. Piga nyembamba, subiri, piga tena. Na kabla ya rangi yenyewe pulizia kijivu kwanza, kijivu hakijui kudanganya.

---

Mtoto wa Embakasi

Utaifanya ipi kati ya hizo Comet? Za kwanza zilikuwa na usajili wa VP-K, wa Kenya ya mkoloni. VP-KPK baadaye ikaja kuwa 5H-AAF. Kwa hiyo ndege moja unaweza kuifanya ya Kenya au ya Tanzania, ukipenda ugomvi.

---

Gundi Mkononi

5H-AAF. Samahani jirani 😄

---

Baharia wa Matrah

Tunangoja hukumu.

---

Gundi Mkononi

Wakuu, mrejesho wa kikao.

Niliingia na ile fremu mkononi, nikaiweka mezani, nikauliza swali la Mpiga Puti neno kwa neno: hii imo ndani ya boksi au haimo? Yule mhukumu aliyenitonya akaitazama, akavua miwani, akavaa. Mwingine akaanza kucheka. Wakaruhusu, kwa sharti kwamba wakati wa hukumu nilete na mabaki ya fremu waone haikuongezeka wala haikubadilishwa rangi.

Stika nazo zimenipa kazi. Za boksini nilizitaka kwa maandishi madogo madogo tu, ila zimekuwa njano kama meno ya mvuta kiko. Dawa yake ni kuzibandika kwenye kioo cha dirisha linalopigwa jua, wiki moja au mbili, njano inakimbia. Huku Midlands jua lenyewe la kubahatisha, itachukua mwezi. Kisha nazipulizia vanishi kabla ya kuziloweka, maana stika ya miaka hamsini ukiiweka majini bila kuishikilia inapasuka vipande ishirini mbele ya macho yako.

Nitarudi Oktoba.

---

Binti Kurasini

Wakuu ni Novemba sasa. Gundi Mkononi yuko hai?

---

Gundi Mkononi

Nipo, nisameheni, zamu zilikuwa za kuua.

Comet ilikamilika. Ncha ya bawa la kulia mpaka leo siwezi kuona ilipoungwa, nikipitisha ukucha ndiyo nasikia kama kuna unywele. Ya kushoto nilikosea, nilipiga puti nene kwa haraka, na mfereji ukatokea baada ya rangi kama nilivyoambiwa. Nikaivua rangi, nikarudia. Mpiga Puti usiseme kitu.

Ilishika nafasi ya pili.

Ubao umekwenda kwa dereva wa basi mstaafu, na Matchbox ya Hawker Fury, ile ndege ya mabawa mawili yaliyopandana. Mnaojua Matchbox mnajua plastiki yao ilikuja ya rangi mbilimbili na mistari ya mabati wameichimba kama mitaro ya maji taka. Yeye mitaro yote kaiziba. Halafu zile nyaya nyembamba zinazofunga bawa la juu na la chini, kifaa hakina, na dukani hakuruhusiwa kununua. Kachukua fremu, kaishikilia juu ya mshumaa mpaka ikalainika, kaivuta taratibu, ikawa uzi mwembamba kama wa buibui. Nyaya zote za ndege nzima. Nilimsogelea nikamuuliza wazo la kutumia fremu alilitoa wapi, nikidhani kasikia la kwangu kikaoni. Akasema mzee alimfundisha 1981, na kwamba mzee hakuwahi kutupa fremu hata moja, darini kuna magunia matatu.

Magunia matatu! Na mimi niliyaona siku ile tunabeba maboksi, nikadhani ni takataka, nikasaidia kuyasogeza pembeni.

---

Mpiga Puti

Nafasi ya pili siyo mbaya kwa mtu asiyesikia ushauri. Tupia picha ya hilo bawa la kushoto.

---

Mtoto wa Embakasi

Na ile 5H-MMT inayolia kama kayamba pia. Nimwonyeshe mama.

---

Gundi Mkononi

Picha kesho kukiwa na mwanga.

Kura ya mwakani tumepiga mapema, usiku ule ule. Nimeangukiwa na Novo. Kwa wasiojua: Frog walikuwa Waingereza, wao ndio waliouza vifaa vya kwanza vya plastiki kabisa mwaka 1936, wakaviita Penguin kwa sababu ni ndege isiyoruka. Walipofunga 1976 kalibu zao nyingi zikaenda Urusi, zikawa zinafyatuliwa huko kwa jina la Novo. Yangu imo kwenye mfuko, haina maelekezo, plastiki ya rangi ya uji wa ulezi.

Nimeifungua jana. Mabawa yamo mawili, yote ya kushoto.

Mpiga Puti, uko wapi?